Sauti Ikiingia kwenye Grupu: Kijitabu kwa Maadmini na Wanagrupu Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa

Jumapili ya tarehe 7 Aprili 2024, chombo cha uvuvi kilichobeba watu wapatao 130 kilizama karibu na Kisiwa cha Msumbiji, katika mkoa wa Nampula. Waliokufa walizidi 90, watoto wengi wakiwemo. Chombo hakikuwa na kibali cha kubeba abiria. Viongozi wa mkoa walipoulizwa ilikuwaje umati wote ule ukajazana kwenye chombo cha kuvulia samaki, walisema watu walikuwa wanakimbia kipindupindu. Taarifa potofu kuhusu ugonjwa huo zilikuwa zimezagaa, hofu ikatanda, kila mwenye mtoto akatafuta pa kumkimbizia. Kwa takwimu za serikali ya Msumbiji, kipindupindu chenyewe kilikuwa kimeua watu 32 nchi nzima tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia. Safari moja ya hofu ilichukua karibu mara tatu ya idadi hiyo.

Kipindupindu ni ugonjwa ambao mgonjwa akiwahishiwa maji ya chumvichumvi ya ORS na kufikishwa zahanati mapema, mara nyingi anapona. Taarifa hiyo ni fupi, inaenea kwenye mistari miwili ya simu. Lakini wakati ule ilikuwa nyuma, na uvumi ulikuwa mbele.

Kijitabu hiki hatukuwaandikia madaktari wala waandishi wa habari. Tumemwandikia mweka hazina wa kikoba, katibu wa kwaya, mjumbe wa mtaa, mwalimu wa madrasa mwenye grupu la wazazi, na yule binamu aliyefungua grupu la ukoo kwa ajili ya harusi moja, harusi ikapita, grupu likabaki. Ugonjwa ukilipuka, watu hao ndio wanaoamua nini kitasomwa na nani, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba kazi hiyo ni yao.

Anayeaminiwa ni mtumaji

Ukikutana na habari ya ugonjwa kwenye ukurasa wa mtu usiyemjua, unaisoma kwa mashaka. Habari hiyo hiyo ikitumwa na mama mdogo alfajiri, kabla hujanawa uso, unaiamini. Maneno hayajabadilika hata herufi moja, ila mama mdogo hawezi kukudanganya. Na kweli hakudanganyi. Ameipokea kwa shoga yake wa kanisani, aliyeipokea kwa shemeji yake wa Mwanza, aliyeikuta kwenye grupu la madereva. Kila mmoja amemwamini aliyemtangulia na kuongeza dhamana yake mwenyewe. Inapokufikia wewe, habari ina wadhamini watano au sita, wote watu wema, na hakuna hata mmoja aliyeshuhudia jambo lenyewe.

Ndiyo maana hatupendi msemo wa kwamba uvumi husambazwa na wajinga au wabaya. Watu wabaya wapo, na wapo wanaotengeneza uongo ili wauze dawa zao au wapate wafuasi. Lakini wakishautengeneza hawana haja ya kuusukuma, kwa sababu sisi tunaupeleka bure kwa watu tunaowapenda.

Mwezi Machi 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wataalamu wa chuo cha MIT cha Marekani. Walifuatilia misururu ipatayo 126,000 ya habari zilizozunguka Twitter kuanzia 2006 hadi 2017, zikisambazwa na watu wapatao milioni 3. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa tena uliozidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70. Kuwafikia watu 1,500, habari ya kweli ilihitaji muda wa karibu mara sita ya ule wa uongo. Wengi walidhani kazi hiyo hufanywa na akaunti za roboti, lakini watafiti walipoziondoa, tofauti ilibaki pale pale. Waliona kwamba uongo huwa na upya ndani yake, unashtua, unatia kinyaa, na binadamu hupenda kuwa wa kwanza kuleta lililo jipya. Kuwa wa kwanza kuna heshima yake barazani, na kwenye grupu vivyo hivyo.

Siku ambazo hakuna jibu

Tarehe 16 Machi 2023 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza kwamba mkoani Kagera kuna ugonjwa usiojulikana. Watu saba walikuwa wameugua na watano kati yao walikuwa wamefariki. Tarehe 21 Machi, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza jina lake: Marburg, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi. Baina ya tangazo la kwanza na la pili zilipita siku tano.

Maabara kutambua kirusi ambacho nchi haijawahi kukiona kwa siku tano ni kazi iliyofanyika vizuri. Ila grupu halina subira ya maabara. Mtu aliyesikia kwamba watu wanakufa hapo jirani hawezi kukaa siku tano bila maelezo. Asipopewa, atatafuta, na akitafuta atapata, kwa sababu wa kumpa hakosekani. Swali lisilo na jibu rasmi hujibiwa na aliye karibu.

Januari 2025 Kagera ilikumbwa tena, safari hii wilayani Biharamulo. Tarehe 14 Januari Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wagonjwa wanaoshukiwa. Muda mfupi baadaye serikali ilisema sampuli zilizopimwa hazikuonesha Marburg. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba vipimo vilivyoendelea vimethibitisha mgonjwa mmoja. Mlipuko huo ulipotangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, waliothibitishwa na waliohesabiwa kuwa huenda waliugua walikuwa 10 kwa jumla, na wote walikuwa wamefariki.

Fikiria tamko la kwanza la serikali lilivyoendelea kutembea kwenye simu baada ya tarehe 20. Lilikuwa na nembo na saini, na halikuwa la kughushi. Lakini mtu aliyelipokea tarehe 22 bila kuangalia tarehe yake alipata taarifa iliyokwisha muda. Matokeo ya vipimo hubadilika mlipuko unapoendelea, kwa sababu sampuli mpya zinafika na wagonjwa wapya wanaonekana, na kubadilika huko peke yake si ushahidi kwamba kuna anayeficha. Admini wa grupu afanye mazoea ya kitu kimoja kidogo: taarifa yoyote rasmi inapowekwa, mstari wa kwanza uandikwe tarehe yake kwa maneno, hata kama tarehe iko ndani ya picha. Picha hukatwa pembeni, na tarehe ndiyo huwa ya kwanza kupotea.

Rwanda ilipopata Marburg na kuitangaza tarehe 27 Septemba 2024, wizara yake ilikuwa ikichapisha idadi ya wagonjwa, waliopona na waliofariki siku kwa siku kwenye mitandao. Wagonjwa walifika 66, wakafariki 15, na mlipuko ukatangazwa kwisha tarehe 20 Desemba. Hatudai kwamba Rwanda hapakuwa na uvumi. Tunachosema ni kwamba mtu aliyeamka na swali alikuwa na mahali pa kulitafutia jibu siku hiyo hiyo. Kwa upande mwingine, wakati wa Uviko-19 Tanzania iliacha kutoa takwimu za wagonjwa kuanzia Mei 2020 hadi mwaka uliofuata, na katika muda huo wote kila grupu lilikuwa na takwimu zake. Wenye mamlaka wakikisoma kijitabu hiki, aya hii ni yao.

Beni na Butembo: uvumi uliokuwa na ombi ndani yake

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kivu Kaskazini na Ituri, ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafariki. Kiswahili ndicho kinachozungumzwa sokoni, kwenye pikipiki na kwenye simu za huko, kwa hiyo mengi yaliyosemwa yangeeleweka Kigoma au Mombasa bila mkalimani.

Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo yao walisema Ebola haipo. Ukikomea hapo utasema hao ni watu wasioelewa. Endelea kidogo. Eneo la Beni lilikuwa limeshuhudia mauaji ya raia kwa miaka, usiku baada ya usiku, na waliokuja kusaidia walikuwa wachache. Ebola ilipoingia, magari ya kifahari yalijaa barabarani, nyumba zikapangishwa kwa dola, fedha zikaonekana. Wenyeji wakauliza: kwa nini tulipochinjwa hamkuja? Desemba mwaka huo tume ya uchaguzi ikaahirisha kura za Beni na Butembo hadi Machi 2019 kwa sababu za Ebola na usalama, wakati rais mpya angeapishwa Januari. Kwa mtu aliyekuwa tayari anasema Ebola ni siasa, hapo hakuhitaji ushahidi mwingine. Watu waliingia barabarani, na kituo cha kupokelea washukiwa wa Ebola mjini Beni kikavamiwa. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha walimuua Dk. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa kutoka Kamerun, ndani ya hospitali mjini Butembo.

Uvumi ulishika pale kwa sababu ulikaa juu ya jambo la kweli. Ungewatumia watu wale kipeperushi cha rangi kila siku kikisema Ebola ipo, usingegusa kilichokuwa kinawauma.

Kilichosaidia kilianza kwa kusikiliza. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba, na badala ya kutoa somo tu walikuwa wanaandika wanachoambiwa: swali, lawama, tetesi, kama kilivyosemwa. Maandishi hayo yalikusanywa na kupangwa, na malalamiko yakaanza kuonekana yanajirudia. Mojawapo lilihusu mifuko ya maiti. Marehemu alifungwa kwenye mfuko mzito usioonesha ndani na kupelekwa kaburini, familia ikisimama mbali. Watu wakasema viungo vinaibwa, wengine wakasema ndani hamna mtu. Hapo wakuu wa mwitikio walikuwa na njia mbili: kutoa tangazo la kukanusha, au kujiuliza familia inaomba nini. Walileta mifuko yenye sehemu angavu inayoonesha uso. Mama akamwona mwanawe na kuhakikisha ni yeye. Shirika la ALIMA nalo lilitumia vyumba vya plastiki angavu vya kuuguzia, ndugu wakaweza kumwona mgonjwa wao na kuzungumza naye bila kuvaa mavazi yale mazito ya kujikinga.

Kwa hiyo admini anapoona tetesi, kabla ya kuifuta ajiulize inataka nini. “Chanjo inatolewa kwa siri usiku” mara nyingi maana yake ni kwamba wazazi hawakuambiwa ratiba. “Wagonjwa wakipelekwa kule hawarudi” maana yake hakuna anayejua namba ya kupiga kumuulizia ndugu yake. Maswali hayo yana majibu, na mganga mfawidhi wa kituo cha afya anaweza kuyatoa kwa dakika tano akipigiwa simu na mtu anayemfahamu.

Mitandao haifanani

TikTok, Facebook na X zina programu inayochagua kila mtu aone nini, na programu hiyo huangalia zaidi ni kitu gani kinawafanya watu wasimame, wapende, wabishane. Ukiandika “uongo mtupu!” chini ya video ya uzushi, umeongeza majibu yake, na mashine itaipeleka mbali zaidi. Kama ni lazima uikosoe, piga picha ya skrini, chora mstari mwekundu juu yake, kisha weka picha hiyo pamoja na ukweli kwenye ukurasa wako. Usisambaze video yenyewe.

WhatsApp ni jambo jingine. Hakuna mashine inayosukuma, na kwa kuwa ujumbe umefungwa kwa siri tangu 2016, hakuna ofisi inayojua sauti fulani imefika wapi. Kampuni yenyewe iliweka breki: tangu 2019 ujumbe unaweza kuforwadiwa kwa watu au magrupu matano tu kwa mkupuo, na Aprili 2020, Uviko ulipopamba moto, ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi ukaruhusiwa kwenda sehemu moja moja tu. Kampuni ilisema usambazaji wa jumbe za namna hiyo ulishuka kwa asilimia 70. Ujumbe huo utautambua kwa mishale miwili iliyo juu yake. Mishale hiyo haisemi kwamba ni uongo. Inasema kwamba aliyekutumia si mwandishi wake, na aliyemtumia yeye vilevile si mwandishi. Kumbuka pia kwamba mtu akiipakua sauti na kuituma upya, au akinakili maneno na kuyabandika, mishale hupotea, na ujumbe unaonekana kama umeandikwa asubuhi hiyo.

Kuna jambo la bando ambalo wataalamu wa mawasiliano hulisahau. Wengi wetu tunanunua bando la mitandao ya kijamii, la bei nafuu. Linafungua WhatsApp lakini halifungui tovuti ya wizara. Ukinitumia kiungo cha taarifa ya kurasa nane, umenitumia mlango uliofungwa, huku uvumi umenifikia mzima, kwa sauti ya dakika moja na nusu ambayo naisikiliza nikiwa napika. Nakili aya inayohusika, iweke kama maneno. Kwa wazee wasiosoma maandishi madogo, mwombe mtu mwenye sauti tulivu airekodi, kwa Kihaya, Kisukuma au Kimakonde inapobidi, ataje jina lake na tarehe.

Sauti ya nesi asiye na jina

Mfano huu tumeutunga sisi, lakini aliyewahi kuwa kwenye grupu wakati wa mlipuko atautambua:

“Jamani ndugu zangu, msipuuze. Mimi ni nesi, niko hospitali ya mkoa, jina sitaji maana tumekatazwa kusema. Hapa ninapoongea wodi imejaa. Usiku wa leo wameondoka kumi na saba, wanazikwa kimyakimya. Wanaficha. Kesho wanafunga barabara zote, nunueni chakula. Mtumie kila unayempenda.”

Sikiliza imetengenezwaje. Anayesema ana kazi inayoaminika, lakini hana jina, na sababu ya kukosa jina imetolewa mapema ili usiulize. “Hospitali ya mkoa” haijataja mkoa, kwa hiyo itakuwa Mtwara ikifika Mtwara na Kakamega ikifika Kakamega. “Usiku wa leo” na “kesho” ndiyo maneno ya ujanja kuliko yote, maana hayachakai: sauti hiyo inaweza kurudi baada ya miaka miwili, na bado itakuwa ni usiku wa leo. Idadi imetajwa kamili, si “wengi”, kwa sababu namba huleta picha ya mtu aliyehesabu. Halafu imekupa kazi mbili za haraka, kununua chakula na kuituma. Ukishakimbia dukani umekwisha kuamini, maana nani atakubali kwamba amemaliza akiba yake kwa ajili ya hadithi?

Swali la kuuliza kwenye grupu, kwa upole na bila kejeli, ni hili: “Kuna yeyote hapa anayemfahamu mwenye sauti hii?” Usiulize kama ni kweli, utafungua mjadala wa siku nzima. Uliza nani anamjua. Akipatikana, mpigie, manesi wa kweli huona mambo ya kweli, na wakati mwingine mtu wa kwanza kusema kuna tatizo wodini ni yeye. Asipopatikana, kimya kitakachofuata kitafundisha kuliko hotuba yako.

Kumjibu mkubwa

Kazi ngumu haiko kwa vijana, iko kwa wazee. Baba mkubwa ameweka kwenye grupu la ukoo dawa ya kukinga ugonjwa: chumvi vijiko kadhaa kwenye maji ya moto, kunywa alfajiri. Mpwa wa chuo kikuu anajibu mbele ya watu 84: “Huu ni uongo, tuache kusambaza vitu bila kuhakiki.” Amesema kweli, na amepoteza. Wadogo zake baba mkubwa watamtetea kaka yao, mama mmoja ataweka alama ya kulia, na kesho baba mkubwa ataituma tena kusudi.

Mfuate pembeni. “Shikamoo baba mkubwa. Habari za huko? Nimeiona ile ya chumvi uliyotuwekea, asante kwa kutukumbuka. Kuna jambo limenitia wasiwasi: wewe mwenyewe na shangazi mna presha, na daktari aliwakataza chumvi. Nimempigia mganga wa zahanati, amesema haizuii ugonjwa huu na inaweza kumdhuru mwenye presha. Ungetuandikia wewe mwenyewe kwenye grupu, watakusikia kuliko mimi.” Marahaba ikija, mengine yatakuja. Akikubali kusahihisha mwenyewe, heshima yake imebaki, na neno lake litasafiri mbali kuliko lako. Asipokubali, admini ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanagrupu yeyote, na autumie, ila amtaarifu kabla.

Chumvi hatukuitaja kwa bahati mbaya. Agosti 2014, Ebola ilipokuwa imeingia Lagos, Naijeria ilijaa jumbe za simu zikiwataka watu waoge na kunywa maji ya chumvi kabla jua halijachomoza. Kati ya Agosti hiyo na Oktoba Ebola yenyewe ilidhibitiwa huko baada ya wagonjwa 20 na vifo 8. Lakini katikati ya Agosti Shirika la Afya Duniani lilikuwa tayari limeeleza kwamba watu wawili wameripotiwa kufa kwa maji ya chumvi. Miaka sita baadaye Iran ilizika mamia ya watu waliokunywa pombe yenye methanoli wakati uvumi ukidai kwamba kileo kinakinga Uviko.

Kwa dawa za jikoni hatutaki ukali wa kupitiliza. Tangawizi na ndimu havimdhuru mtu wa kawaida, na kujifukiza nyungu kunaweza kumpa nafuu aliyezibwa pua, ingawa hakuui kirusi, na sufuria la maji yanayochemka chini ya blanketi limewahi kuunguza watoto. Mstari wa kuchora uko hapa: je, dawa hii inamfanya mtu aache kitu? Watanzania wenye umri wanakumbuka 2011, kijiji cha Samunge huko Loliondo na kikombe cha shilingi 500 cha mchungaji Ambilikile Mwasapile. Simu za wakati ule nyingi hazikuwa na intaneti, na habari ilienea hata hivyo, hadi foleni ya magari ikawa ya kilomita nyingi. Kikombe chenyewe hakikuwa hatari sana. Hatari ilikuwa kwa walioacha dawa za VVU au kisukari baada ya kukinywa, na kwa wagonjwa mahututi waliofia njiani.

Admini afanye nini wiki ya kwanza

Abandike juu ya grupu ujumbe mmoja tu wenye mambo matatu: dalili, cha kufanya ukiziona, na namba. Kwa Tanzania namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Kwa Marburg na Ebola, ujumbe huo useme wazi kwamba ugonjwa huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti, kwamba dalili huweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza, na kwamba mtu ambaye dalili hazijaanza kumtokea haambukizi wenzake. Maneno hayo ya mwisho yanaweza kuzuia wapangaji kufukuzwa.

Achague watu wawili wa kuhakiki, wasio na haraka. Tanzania kuna JamiiCheck na Nukta Fakti, Kenya kuna PesaCheck na Africa Check, ambao huchapisha uchunguzi wa taarifa zinazozunguka na hupokea maombi ya wananchi. Kwa mambo ya kijijini hao hawatakuwa na jibu. Huko mtu wa kuulizwa ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kama hayumo kwenye grupu, aingizwe leo. Usiku, admini anaweza kufunga grupu ili maadmini pekee waandike. Hofu ya saa sita usiku hutuma mambo ambayo saa mbili asubuhi isingeyatuma.

Picha za wagonjwa, majina yao, nyumba zao, na karatasi za vipimo zifutwe mara moja, hata zikiwa za kweli. Familia ambayo namba ya nyumba yake imezagaa haitampeleka mgonjwa wa pili hospitali, itamficha. Na kwa upande wa sheria, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 kinamgusa anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma, na faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Tunaitaja ili ijulikane, si ili itumike kutishana ndani ya ukoo. Mtu anayeogopa polisi haachi kuamini, anaacha tu kuuliza.

Mlipuko ukitangazwa kuisha

Tangazo la kuisha kwa Marburg au Ebola hutolewa baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani siku 21 mara mbili. Mlipuko wa kwanza wa Kagera ulifungwa hivyo tarehe 2 Juni 2023. Siku hiyo admini abandue ujumbe wa zamani na kubandika wa kuisha, wenye tarehe, kwa sababu sauti na picha za mlipuko mmoja hurudi kwenye mlipuko unaofuata zikiwa zimevaa jina la mji mwingine. Zile zilizohakikiwa na kuonekana ni uzushi azihifadhi kando kwenye simu yake pamoja na majibu yake. Zikirudi, jibu lipo tayari.

Aliyepona naye atarudi nyumbani, na pengine yumo kwenye grupu hilo hilo, amesoma kila kilichoandikwa kumhusu alipokuwa wodini. Kabla hajaulizwa lolote, mtu mmoja anayeheshimika ampigie simu, amkaribishe, amuulize kama angependa jambo lake lizungumzwe au liachwe. Akipenda kusimulia, apewe nafasi arekodi kwa sauti yake, kwa jina lake. Akitaka liachwe, admini aandike mstari mmoja wa kumkaribisha, na grupu liendelee na michango ya harusi.